Tawi la Bibi Lililolala Chini

Makote, Newala
14 Januari 2024

Mjomba Muharami, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mguu umetulia na cherehani inazunguka. Sisi huku wazima. Maryam wangu ameingia darasa la tatu na sasa anasoma kila anachokiona, mpaka maandishi ya mfuko wa chumvi, nyumba nzima hatupumui. Mvua imechanganya, pipa limejaa, kwa hiyo nimepumzika kupanga foleni bombani. Ming'oko imetoka mingi, porini tunachimba viazi hivyo kila siku. Fungu moja nimempa Gasper, konda wa basi la Masasi, akuletee pamoja na barua hii. Likifika pungufu muulize yeye.

Simu nimeiacha makusudi. Mara ya mwisho nilipokupigia nilipayuka mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa, na wewe bado hukusikia kitu. Afadhali karatasi, masikio hayo tuyasamehe.

Sasa jambo lenyewe, mjomba. Mikorosho ya Bibi imechoka. Unaikumbuka ilivyopandwa karibu karibu; sasa matawi ya huu yameingia ndani ya ule, chini ni giza saa sita mchana, na ubwiriunga ukishuka maua yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga, yanakauka. Korosho za msimu uliokwisha zilikuwa aibu. Kaka Jafari amesimama mbele ya wazee wa ukoo akasema mikorosho yote arobaini na miwili ikatwe, ichomwe mkaa, apande ufuta. Nikalia pale pale, sikuona haya. Wazee wakanipa msimu mmoja. Mwezi wa kumi na mbili watakuja wenyewe kuangalia. Wakikuta hali ni ile ile, shoka linaingia, na wamesema shamba lisilozaa hata wewe mjomba hutalitetea.

Ninachotaka ni kupogolea. Esther, bibi shamba wetu, ametufundisha kwenye shamba darasa: unatoa matawi makavu, yanayosuguana, na yale ya ndani yanayokula bila kuzaa, ili jua na upepo vipite. Muda wake ni sasa, baada ya mavuno, kabla mti haujavaa majani mapya. Lakini miti ni ya ukoo wa mama zetu, na kauli ni ya mjomba, ndiye wewe. Siwezi kuingiza msumeno bila neno lako. Nijibu upesi, nakuomba.

Mpwa wako,
Stamili


Lisekese, Masasi
6 Februari 2024

Mpwa wangu Mama Maryam, marahaba.

Tuko salama. Ming'oko imefika, ila fungu lilikuwa limekonda. Gasper ana mikono. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya sare za shule. Kila mzazi wa Lisekese hukumbuka kwamba mtoto ana mwili siku moja kabla ya shule kufunguliwa, kisha wananijia wote na vitambaa. Mgongo umeniuma, lakini nimekula kuku mara mbili, silalamiki. Mkazamjomba wako Mwanakombo mzima, anasema kochoko, yale mabibo makavu uliyomtumia mwaka jana, yalimfurahisha kuliko mimi.

Mwambie Maryam asome na hii: mjomba wake mkubwa anamwandalia gauni la Idi, anitumie vipimo. Asikadirie kwa macho. Kamba, fundo, kamba, fundo.

Kuhusu mikorosho. Mama yangu aliipanda kwa mkono wake. Isiguswe na chuma. Wewe palilia, piga salfa, mwombe Mungu. Jafari mwambie nimesema hapana, na wewe nakwambia hapana. Sababu ninayo na siielezi.

Lile tawi la Mama, lililolala chini upande wa njia ya kisimani, lipo bado?

Mjomba wako,
Muharami

Mimi Mwanakombo nachomekea hapa chini akiwa anafunga duka. Ametaka kuichana barua yako, kisha ameikunja vizuri akaiweka kwenye droo ya cherehani. Usikate tamaa, mwanangu. Andika tena.


Makote
15 Februari 2024

Mjomba, shikamoo. Mkazamjomba naye shikamoo yake.

Vipimo vya Maryam viko kwenye kamba niliyoifunga ndani ya bahasha. Fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu urefu. Anataka mifuko miwili. Usimwekee miwili, atajaza mawe.

Umesema huelezi. Haya. Basi mimi nitaeleza, na wewe usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Mama yangu, dada yako, alikuwa akipanda maboga nyuma ya jiko. Unakumbuka alivyochuma mboga? Havuti jani moja moja kama mgeni. Anashika ncha ya shina la boga, anavunja, anatia kwenye ungo. Nilikuwa mdogo, nikamwuliza, mama, unaua boga? Akasema kaa uone. Siku chache pale alipovunja panatoka matawi mawili, akivunja hayo yanatoka manne, na kila moja na maua yake. Jirani yetu yeye alikuwa anauonea huruma mmea wake, haugusi. Ukarefuka mpaka ukapanda paa la choo, ukazaa boga moja, nalo wakalila panya. Hiyo ndiyo kupogolea, mjomba. Mama alikuwa akiifanya kila jioni kwa ajili ya ugali na hakuna aliyemwita mharibifu.

Mkorosho nao huzaa kwenye ncha za nje, zinazoona jua. Matawi ya gizani ni walaji watupu. Na wewe, mjomba, kazi yako ni nini? Ungemshonea Maryam gauni bila kukata kitambaa?

Tawi la Bibi lipo. Watoto wanalikalia wakitoka shule, limeng'aa juu kama benchi la zahanati. Sijui kwa nini umeuliza, lakini limekaa pale pale.

Siku zinakwenda. Miti ikianza kuchipua nitakuwa nimechelewa, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Stamili


Lisekese
18 Machi 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imechelewa kunifikia. Gasper aliisahau kwenye shati, shati likaenda kufuliwa, unajua mambo ya makonda. Gauni la Maryam hili hapa, mfuko mmoja, wa pili nimeuchora kwa uzi tu ili ajione anao.

Nina maswali. Nauliza tu, sijasema ndiyo. Tawi nene ukilikata kutoka juu likaanguka kwa uzito wake, ganda la mti halichaniki likashuka mpaka shinani? Unazuiaje? Jeraha unalifunika na nini? Na ukisimama chini ukatazama juu, mwanga uwe kiasi gani ndipo ujue inatosha? Maana kitambaa ukikikata sana hakuna cherehani ya kukirudisha.

Nimefikiri. Umenitaja dada yangu na maboga yake, hilo halikuwa pigo la haki, lakini limeingia. Pogolea. Tumia msumeno, panga lisisogee hata kwa kutazama. Mti mmoja tu usiuguse, ule wa Mama wenye tawi lililolala. Huo uache kama ulivyo.

Muharami

Mwanakombo tena. Mwanangu, Gasper msimsingizie. Barua yako ilifika siku ile ile na jioni ameisoma kila siku mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Na hayo maswali hayakutoka hewani. Wiki mbili zilizopita alikuja akaniuliza, Mwanakombo, mikorosho yako ile minne ya nyuma unaipenda sana? Nikasema miti ni yangu, kata, nitaona. Amepanda na msumeno wa kuazima na futi yake ya ushonaji shingoni, anapima tawi kabla ya kulikata! Watu walikuja kutazama. Moja lilimchanika ganda, akakaa chini kama aliyefiwa. Mjibu vizuri hilo la ganda.


Makote
29 Machi 2024

Mjomba, shikamoo, na asante. Asante mara kumi.

La ganda: unaanza kwa kukata kidogo upande wa chini wa tawi, kama theluthi ya unene, ndipo unakuja juu, hatua moja mbele. Tawi likianguka linakatikia pale ulipoanzia, halichani. Kisha kile kigutu kilichobaki unakikata taratibu karibu na shina, mshazari, maji ya mvua yasikae. Jeraha linapakwa rangi ya mafuta. Mwanga, Esther anasema ukiinua kichwa uone vipande vya anga, na chini jua liwe madoa madoa. Likiwa shuka zima umezidisha.

Isalimie ile minne ya mkazamjomba. Nimecheka mpaka Maryam akaja kunishika kichwa kama nina homa.

Nami nina la kukiri. Mitatu niliikata tarehe tatu mwezi huu, kabla neno lako halijafika. Niliona vichipukizi vimeanza kuwa vyekundu, roho ikanishinda. Wiki nzima sikulala vizuri. Ukiniona nipige, nitainama mwenyewe.

Sasa nimemaliza yote isipokuwa wa Bibi. Minane iliyokuwa imebanwa katikati tumeing'oa kabisa ili mingine ipumue. Jafari amepita njiani akasimama, akasema shamba limekuwa kama kuku walionyonyolewa wakasahauliwa kuchinjwa. Jirani wote wamecheka. Nikacheka nao, lakini jioni nilirudi nikaipitia upya, mti kwa mti. Mjomba, miti iko uchi kweli. Kama nimekosea, nimewakatia ukoo mzima.

Niambie basi, kwa nini wa Bibi usiguswe?

Stamili


Lisekese
12 Juni 2024

Stamili mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Kijana wa bodaboda nimemlipa akuletee barua hii mkononi, hata basi sikulingoja.

Gasper ameniambia Jafari anamwingiza mwanawe Ashiru jandoni likizo hii, na wanaume wanajenga likumbi la kuwalaza watoto karibu na shamba. Amesema wanataka kukata matawi ya mikorosho ya kuezekea kwa vile ipo jirani na ina majani. Wazuie. Wasomee barua hii, wote, kwa sauti. Nimekaa kimya miaka arobaini na minane na sasa nasema.

Nilikuwa na miaka ishirini. Wazee walinipa mimi kazi ya kusimamia likumbi la mwaka ule, na wali, watoto wa jando, walikuwa wengi. Nilitaka liwe kubwa kuliko yote yaliyowahi kujengwa Makote. Porini kulikuwa mbali, na mimi nilikuwa mvivu na nina haraka ya kusifiwa. Nikachukua panga nikaingia kwenye mikorosho ya Mama. Ilikuwa mwezi huu huu wa sita, maua ndiyo yanatoka. Nikakata matawi mazuri, marefu, yenye ncha. Likumbi lile lilinukia maua ya mkorosho siku saba. Wazee wakanipa mkono, wakaniita fundi.

Mwaka ule miti haikutoa kitu. Ingezaa vipi, na maua nimeyaezekea? Kisha pale panga lilipochana maganda wakaingia wadudu, mikorosho sita ikafa imesimama. Tulikula mihogo mikavu mpaka mvua zikarudi, na dada yangu, mama yako, alikonda mpaka nikawa siwezi kumtazama.

Nilingoja Mama anipige. Hakunipiga. Hakusema neno. Alikwenda akakaa kwenye lile tawi lililolala, ambalo sikulikata kwa sababu lilikuwa limepinda halifai kuwa nguzo, akamenya mihogo yake. Kila siku alikaa pale, amenipa mgongo, anamenya. Angenipiga ningebaki. Miezi miwili baadaye nikachukua nguo zangu nikaja huku kujifunza cherehani. Watu husema Muharami alifuata mke Masasi. Mwanakombo nilimpata baadaye, bahati yangu. Kilichonileta huku ni aibu. Makote nimekuja kuzika tu, na kila nilipozika niliondoka jioni ile ile.

Ndiyo maana nilikataa. Nilikuwa naogopa mkono wa mtu mwingine wa ukoo huu wenye chuma. Jafari, unasikia? Mtoto wako ataingia likumbi la majani ya porini na atatoka mwanamume. Nendeni mbali mkakate.

Mjomba wenu,
Muharami bin Abdulazizi


Makote
23 Juni 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Pumua kwanza. Hakuna aliyekata.

Bodaboda alifika wanaume wapo chini ya mikorosho, mapanga yamenolewa, Jafari amekwisha kuonyesha matawi ya kuanza nayo. Nikawaambia nina barua ya mjomba. Wakasema haya soma, wakidhani ni salamu. Nilisoma nimesimama. Nilipofika pale Bibi anamenya mihogo nilishusha karatasi nifute macho, Maryam akaichukua akaendelea yeye, herufi kwa herufi, na hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza Mzee Husseni, yule wa rika lako, akasema, "Mimi nililala ndani ya likumbi lile kuwaangalia wali. Kweli lilinukia." Jafari akatazama panga lake, akaliweka begani, akawaambia wenzake, "Twendeni porini." Wamerudi jioni wamebeba, miguu imechanwa na miiba. Ashiru yumo ndani, mzima, tunapeleka chakula kila siku.

Mjomba, jambo lile lilikuelemea peke yako miaka yote hiyo? Mama hakuwahi kunisimulia hata mara moja. Alikuwa akisema tu, kaka yangu ana mikono mizuri, laiti angekaa karibu.

Miti imechipua! Yale majani mekundu yamejaa kila ncha na maua yameanza kuning'inia nje, pande zote. Nimepiga salfa mara mbili na safari hii unaona vumbi linaingia ndani ya mti linatokea upande wa pili. Zamani lilikuwa linarudi usoni kwangu.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi nilikuwa nafagia chini ya tawi la Bibi. Pale linapogusa ardhi mchanga ulikuwa umeinuka, nikadhani mchwa. Nikachimbua kidogo kwa jembe. Ni mizizi, mjomba. Minene, mingine kama mkono wa Maryam, imeshuka kwenda chini. Lile tawi limeota. Ndiyo maana mbele ya hapo lina majani mazuri kuliko mti wenyewe, na mti wenyewe umedhoofika kwa kulivuta. Esther amekuja kuona, akasema likikatwa kati ya shina na mizizi wakati wa mvua, baada ya mavuno, vyote viwili vitaishi. Litakuwa mkorosho mpya unaojitegemea.

Mimi silikati. Jafari halikati. Nakungoja wewe.

Stamili


Lisekese
30 Agosti 2024

Mpwa wangu, marahaba.

Nimefurahi kusikia Ashiru ametoka salama. Kanzu yake ipo tayari, nimemtilia na kofia.

Nimesoma habari za tawi. Kata wewe. Mkono wako mzuri kuliko wangu, na ruhusa umeipata. Mimi mguu hauniruhusu safari za mabasi. Kisha kazi ni nyingi, harusi tatu mwezi wa tisa, na mabibi harusi wa siku hizi wanataka mikono ya gauni ambayo Mungu hakuikusudia.

Mjomba wako

Mwanakombo hapa. Mguu hauna kitu. Jana amekwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa sababu ya vifungo sita. Huyu anaogopa tawi. Mikorosho yangu minne imejaa maua mpaka wapita njia wanauliza, na kila mmoja anamjibu, "Ni kazi ya mpwa wangu." Kwako haandiki hivyo, kwao anasema.


Makote
15 Desemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Ndani ya mfuko kuna korosho za kwanza kuanguka, nimebangua mwenyewe, vidole vyangu vimeungua utomvu kama kawaida. Za mjomba hutangulia, niliziweka kando kabla hatujaonja sisi. Zile mbichi ni za mkazamjomba akaange apendavyo.

Wazee walikuja Alhamisi. Nilikuwa nimefagia chini ya kila mti tangu alfajiri. Mzee Husseni alitembea mti kwa mti, mikono mgongoni. Sikudanganyi, si mafuriko. Miti minane haipo na iliyobaki bado inajifunza kupumua. Lakini korosho ni nzito, safi, na chini ya mti unaziona zote, huzitafuti kwenye giza na nyoka. Mwaka jana nilikuwa naokota korosho ndogo kama vipele. Akachukua moja, akaipima mkononi, akamwuliza Jafari, "Hii nayo unataka kuichoma mkaa?"

Wazee wakasema mikorosho ibaki. Nimekaa chini nikalia tena, mimi nimekuwa mtu wa kulia mwaka huu. Jioni Jafari akaja jikoni kwangu, akazunguka zunguka, akaongelea mvua, akaongelea bei ya sabuni, mwisho akasema, "Ule msumeno wako, ukimaliza naomba." Ana mitano yake kule bondeni. Sikucheka mbele yake.

Umebaki mti wa Bibi peke yake ambao haujapogolewa, na ndio uliotoa kidogo kuliko yote. Unachoka kulibeba tawi lililokwisha kujitegemea. Mjomba, umenipa mimi ruhusa ya miti arobaini na mmoja, ukajinyima wewe mmoja. Bibi alikaa pale amekupa mgongo, umesema; labda ulimtazama kutoka nyumbani. Lakini kumbuka njia ya kisimani iko upande gani. Mtu akikaa kwenye tawi lile anatazama njia, na ndiyo njia uliyokuwa ukirudia kutoka kwa vijana wenzako. Nimekaa pale mwenyewe nikaona. Alikuwa anakungoja uje ukae.

Mvua zimeanza. Njoo.

Stamili


Lisekese
9 Januari 2025

Mpwa wangu,

Jumamosi, basi la asubuhi. Nakuja na msumeno wangu na futi. Chai yangu sukari kidogo, daktari amesema, na Mwanakombo atakuuliza.

Muharami


Makote
22 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, na tangu uondoke watoto wa hapa wote wanataka kuwa mafundi cherehani. Maryam amekata shuka langu. Nimempiga kidogo, kisha nikaona alikuwa amepima kwa mafundo, nikajuta.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka niwe na la uhakika. Siku ile ulipofika hukuingia hata ndani. Ulikwenda moja kwa moja ukakaa kwenye tawi, ukatazama njia, chai ikapoa nikakutengenezea nyingine nayo ikapoa. Nilikuona unafuta macho kwa ile futi. Kisha ukasema "leta msumeno", kama mtu anayeagiza maji. Ulianza upande wa chini, theluthi, kama nilivyokuandikia. Msumeno ulipokwama Jafari akaja akashika upande wa pili, mkavuta wote wawili, na mjomba, ganda halikuchanika hata kidogo. Mzee Husseni bado anakwenda kuwaonyesha watu lile jeraha.

Baada ya hapo majani yalilegea. Wiki tatu niliamka nikienda kulitazama kabla ya kunawa uso. Nilisema basi, tumeliua, na nitamwandikia nini mjomba? Nilikuwa nalimwagilia maji ya pipa, na unajua maji yetu yalivyo, jirani waliniona nimerukwa na akili.

Juzi limechipua. Ncha saba, nimezihesabu, nyekundu, zimesimama. Nao mti wa Bibi, pale ulipopogolea juu, unachipua kila upande kama msichana. Sasa ni miwili, na kati yake unapita bila kuinama.

Watoto wameupa jina ule mpya. Sikuwafundisha mimi. Jana wametoka shule nikamsikia Ashiru anawaita wenzake, "Twendeni tukakae kwa Mjomba Muharami." Wakaenda wakakaa, watano, wanakula kochoko, Maryam anawasomea.

Futi yako uliiacha imening'inia kwenye tawi. Najua umenunua nyingine. Hii nimeitundika kwenye msumari wa mlango wangu na kwa Gasper siitumi. Uje uichukue mwenyewe.

Mpwa wako,
Stamili